Msamaha Niliouomba Jumamosi

Sijawahi kumpiga mtu, wala sikuiba hata uzi wa tajiri wangu pale Gikomba nilikokuwa nikishona. Lakini niliwahi kumwomba mtu msamaha, na katika wokovu wangu wote sijafanya jambo baya kuliko hilo.

Tuliishi kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kwa chumba, ukuta mmoja familia mbili. Jirani yangu alikuwa mjane wa makamo aliyeuza mboga Kariobangi. Ndiye aliyenileta kwa Bwana, miaka ya sabini ikielekea kwisha, na akiisha kunileta hakuniacha nilale. Kila siku saa kumi na moja alfajiri aligonga ukuta mara tatu. Nami nilimjibu mara tatu, tukapiga magoti kila mtu upande wake. Niliamka na homa, niliamka nimenuniana na mume wangu, lakini niliamka.

Kisha mimba yangu ya kwanza ikatoka, ikiwa ya miezi mitano. Ndugu wa ushirika walikuja kuniombea. Jirani yangu alipiga magoti kando ya kitanda akaomba kwa sauti kwamba kama kuna dhambi iliyojificha, Bwana aifunue. Nilikuwa nimelala pale na tumbo tupu. Dhambi gani? Nilijipekua, sikuona. Tangu siku hiyo nikamchukia.

Nilimchukia jinsi mtu aliyeokoka anavyochukia, yaani kwa adabu. Nilimwambia "Bwana asifiwe" huku nikitabasamu. Nilikunywa uji alioniletea nilipougua. Niligonga ukuta. Kila Alhamisi kwenye ushirika, mtu alisimama akaweka maisha yake nuruni, ndiyo kusema alitaja hadharani pale alipojikwaa wiki hiyo. Mimi nilitaja dhambi ndogo ndogo, zile za kuchekesha watu: nimemjibu mteja vibaya, nimelitamani koti la mwenzangu. Ile kubwa niliikalia miaka miwili.

Mwishowe ikaanza kunitafuna. Nilipiga magoti alfajiri, maneno yasije, nikabaki kutazama nyufa za sakafu. Ndipo mchungaji akatangaza Meza ya Bwana, akaonya kwamba mwenye neno na mwenzake alimalize kwanza. Wiki hiyo nzima sindano ilinichoma vidole. Nikiikosa meza, kila mtu ataniona. Nikila, nitakuwa nimekula uongo. Jumamosi adhuhuri nikaenda kwa jirani yangu.

Alikuwa uani akifua, mikono ndani ya karai.

"Bwana asifiwe, Mama. Nimekuja kuweka jambo nuruni. Nimekuchukia kwa miaka miwili. Naomba unisamehe."

Hakuniuliza kwa nini. Aliacha kulifikicha shati.

"Miaka miwili," akasema. "Hata siku zile za uji?"

"Hata hizo."

Alilikamua lile shati. "Nimekusamehe, mwanangu."

Niliondoka mwepesi, ningeweza kuruka kamba na watoto waliokuwa wakicheza nje. Mzigo nilikuwa nimeutua. Sikugeuka kuona nimemtwika nani.

Jumapili nikaenda mezani. Niliporudi kwenye benchi nilimwona jirani yangu ameketi palepale, hakuwa amesimama. Wanawake walitazamana, kwa sababu hakuwahi kuikosa meza tangu wamjue. Jumatatu alfajiri ukuta ulikuwa kimya. Nikagonga mimi. Nilimsikia akisogeza sufuria, kwa hiyo alikuwa macho, lakini hakunijibu.

Alhamisi nilisimama wa kwanza. Nilisimulia, bila kumtaja, jinsi nilivyotubu kwa dada mmoja, na watu wakaimba kwa furaha. Wimbo ulipokwisha mzee wa ushirika akamgeukia jirani yangu.

"Mama, tulikuona Jumapili. Una neno na mtu?"

"Sina la kusema."

"Tutembee nuruni, Mama."

"Sina la kusema, mzee."

Mzee akampa mpaka Alhamisi iliyofuata. Asipofungua moyo, wangemhesabu amerudi nyuma. Yule mama hakuwa na mume wala mtoto. Ushirika ndio uliokuwa jamaa yake, na wao ndio wangemzika. Mimi nikakasirika, nasema kweli. Si alisema amenisamehe? Basi anataka nini tena? Nilifura siku mbili nzima. Siku ya tatu hasira ikaisha, nikabaki na hofu.

Jumatano niliacha cherehani mapema nikamfuata. Alikuwa mlangoni pake akichambua kunde.

"Mama, kama hukunisamehe, niambie."

"Nilikusamehe. Lakini moyo haujafika pale mdomo ulipofika. Kila nikikumbuka ule uji, nasikia aibu."

Ndipo nikamwambia kwa nini. Nilimkumbusha yale maombi kando ya kitanda changu, nikamwambia alinihesabia dhambi siku niliyompoteza mtoto.

Aliinua uso. "Wewe? Nilikuwa nasema yangu. Ulipopata mimba niliona wivu. Wangu watatu niliwazika, hata mmoja hakufika kutembea. Yako ilipotoka nikaogopa, labda ni wivu wangu."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Ningekuambia ili upone wewe, au nipone mimi?"

Nililia, naye hakuninyamazisha. Alinisogezea fungu la kunde. Tulichambua mpaka kikapu kikaisha.

Alhamisi mzee akarudia swali lake. Jirani yangu alitikisa kichwa, mikono mapajani. Nilikuwa na maneno ya kumwokoa, lakini maneno hayohayo yangemvua nguo mbele ya watu wote. Nikasimama.

"Dada niliyemsema wiki iliyopita ni huyu. Nilimwambia nilivyomchukia ili nipate nafuu mimi. Nikamwumiza, na bado anaumia. Kosa ni langu."

"Na yeye anaficha nini?" mzee akauliza.

"Hilo si langu kusema."

Hakuna aliyeimba. Mzee alisema tumepoa kiroho sote wawili, akatuondoa kwenye zamu ya kuongoza maombi. Kwa mara ya kwanza tangu niokoke nilikaa katikati ya ndugu nikiwa na jambo ambalo sikuliweka nuruni, na niliogopa sana, kwani sikujua kama Mungu alikuwa upande wangu au wa mzee. Tulirudi nyumbani njia moja, yeye mbele, mimi nyuma.

Ijumaa, saa kumi na moja, ukuta uligongwa mara moja. Nilingoja ya pili na ya tatu, hazikuja. Nikajibu mara moja, nisimzidi, nikapiga magoti.