Amri kwa Sista Remedios

Kiharusi kilipompiga, Sista Remedios alisahau Kiswahili chote alichokizungumza Bariadi tangu ujanani, kikabaki Kihispania cha kwao. Esteria, mpishi wa nyumba ya masista, akapewa kazi ya kumlisha na kujifunza lugha yake. Sista Lucy, mwenzao aliyekijua Kihispania, alimfundisha jinsi kitenzi kinavyobadilika: trago, nameza, traga, anameza, halafu trague, umeze, amri ya heshima.

"Amri tena ya heshima? Kwetu Mwandoya mtu mzima haamriwi, Sista."

"Asipoamriwa hamezi. Basi atapaliwa na hiyo adabu yako. Mtazame usoni, sema kwa sauti."

Maneno hayo yalimwingia Esteria kama baridi. Kila alipomlisha uji alipiga magoti kando ya kitanda, akainamisha macho kama mbele ya wakwe, akanong'ona, "Trague, mama." Mara nyingi uji ulibaki shavuni.

Asubuhi moja pumzi ya mgonjwa ikakwama. Macho yakamtoka, vidole vikang'ang'ania shuka.

"Escupa," Esteria akasema, yaani tema, lakini sauti ikaishia kwenye godoro. Hofu ikamwinua. Akamshika bikizee kidevu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mama yake mzazi, akamkazia macho.

"Escupa, Sista. Escupa."

Uji ukamwagika kwenye kanga ya Esteria. Pumzi ikarudi ikikwaruza. Baada ya muda Sista Remedios akafungua kinywa, akingoja kijiko kingine. Bakuli lilikuwa bado nusu. Esteria akachota, akamtazama usoni, akasema kwa sauti, "Trague, Sista."