Mkia Uliorudi Chupani

Mdogo wangu alikuwa darasa la kwanza panga lilipomteleza akikata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe nyuma ya nyumba yetu, huko Kanja. Lilichukua ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, pamoja na ukucha wake. Zahanati walikisafisha na kukifunga. Ile ncha yenyewe haikuonekana tena. Tulipekua majani mpaka tukachoka, na mdogo wangu akaamua kwamba ng'ombe ameila. Kwa muda mrefu alikataa maziwa ya ng'ombe yule.

Kilichomliza zaidi hayakuwa maumivu. Kwetu, mtoto aking'oka jino hulitupa juu ya paa na kuomba lingine. Yeye hakuwa na kitu cha kutupa.

Cucu, yaani mama yake baba, ndiye aliyempa jina, kwa hiyo mambo ya mtoto yule aliyachukulia kama yake. Bendeji ya kwanza ilipofunguliwa, alimkabidhi.

"Tupa hii. Ina damu ya kidole, itatosha."

Mdogo wangu akairusha juu ya mabati, akaomba kidole kipya kwa sauti kubwa.

Mama alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na hakufurahi. "Mama, umemdanganya mtoto."

"Sijamdanganya, nimemnyamazisha," cucu akajibu. "Wewe ulikuwa umeshindwa. Tena hicho kidole ni changu pia."

Angalau kilio kilikwisha. Lakini tangu siku hiyo mdogo wangu hakushika penseli. Kidonda kilipona, ngozi ikajifunga vizuri, naye akaendelea kuficha mkono ndani ya mkono wa sweta. Ukimuuliza, alisema anangoja. Mwalimu wake alimwambia mama waziwazi kwamba asipoandika kabla muhula haujaisha, atarudia darasa.

Mama angeweza kumwambia ukweli wakati huo. Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kumwambia. Kabla hajaipata, alileta chupa nyumbani.

Ilikuwa chupa kubwa ya kioo, yenye viluwiluwi aliowachota katika mfereji wa shamba la nduma, yaani magimbi, bondeni. Alitaka kuwafundishia darasa lake jinsi chura anavyokua. Aliiweka dirishani, akatuonyesha jinsi ya kuwalisha sukuma wiki iliyochemshwa, chembe kidogo tu, na kuwabadilishia maji kwa maji ya mfereji. Walikuwa wengi mno kwa chupa ile, wakaanza kuumana. Asubuhi moja tulimkuta mmoja amebaki na nusu ya mkia. Alikuwa akiogelea kwa kuyumba, kama gari lenye gurudumu bovu.

Mama alimhamishia kwenye kikombe cha plastiki. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunguza kila kitu, nikawa namtazama kabla na baada ya shule. Kwanza pale palipokatika palizibwa na ngozi nyembamba. Kisha pakatokea kitu kama utando, kisicho na rangi, unaweza kuona maji upande wa pili. Utando ule ukarefuka, ukaingia rangi kidogo kidogo, na mwishowe mkia ukawa mzima, ila ncha yake ilibaki na rangi hafifu kuliko kwingine.

"Nilisema!" mdogo wangu akapiga kelele. Akautoa mkono kwenye sweta na kuuweka kando ya kikombe, mkia na kidole pamoja, avipime.

Mama alikuwa mlangoni. Akaja kubadilisha maji ya kikombe.

Yule kiluwiluwi akaota miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Halafu mkia ukaanza kufupika. Mdogo wangu alikasirika kweli.

"Ameuotesha kwa taabu yote ile, sasa anautupa?"

"Hautupi," mama akasema. "Unarudi mwilini mwake. Anakuwa mkubwa, hauhitaji."

"Na akikatwa mguu sasa?"

Mama aliinamia kikombe. "Mguu unaota tena akikatwa akiwa mchanga kabisa. Akishakuwa chura, hapana. Hupona tu."

Mdogo wangu alimgeukia cucu, aliyekuwa akimenya ndizi mbichi kando ya jiko. Cucu akafungua kinywa chenye mapengo.

"Mimi nimetupa meno mangapi juu ya paa hili uzeeni? Hakuna hata moja lililorudi. Nilidhani mabati yameziba masikio."

Tulicheka wote isipokuwa mdogo wangu.

Jumamosi tulishuka bondeni kuwarudisha vyura wadogo mferejini. Mama alikuwa akimimina maji ya chupa polepole aliposikia mdogo wangu akisema, "Ngojeni." Kwenye tope, chini ya jani la nduma, palikuwa na chura mkubwa. Mguu wake mmoja wa nyuma uliishia gotini, kigutu laini, kilichopona zamani. Mdogo wangu alichutama na kumkamata kwa mikono yote miwili. Nilikuwa sijauona mkono ule wa kulia ukishika kitu tangu panga.

Alikigusa kigutu kwa kidole chake kifupi.

"Huyu alikatwa akiwa mkubwa?"

"Ndiyo," mama akasema.

"Na anakula?"

"Mwone alivyonenepa."

Alimtazama muda mrefu. Alipomwachilia, chura aliruka upande kidogo, akaingia majini, akapotea chini ya majani.

"Mimi pia nilikuwa mkubwa," mdogo wangu akasema. "Nilikuwa darasa la kwanza."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alijifanya anasuuza chupa, na aliisuuza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jioni hiyo mdogo wangu aliketi mezani na penseli yangu. Aliijaribu huku na huku, mwishowe akaibana kati ya kidole gumba na kidole cha kati, kile kifupi kikiwa kimesimama juu kama kinachungulia. Herufi ya kwanza ilitoka imelala. Cucu, ambaye hakuwahi kusoma, aliinama akaitazama kwa makini.

"Hiyo ni nini?"

"Ni *a*."

"Mbona imelala?"

"Imechoka, cucu. Imetoka mbali."