Namba Moja, Mafundi Wawili

Wazazi wa Kulwa walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakaweka makazi katika kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa, yeye na pacha wake Doto wakiwa bado wanabebwa mgongoni. Walikua wakishonewa nguo za kitambaa kimoja na kuitwa kwa pamoja. Hata shuleni Kilosa, mmoja akikosea walichapwa wote wawili, kwa kuwa mwalimu hakutaka kuhangaika kuwatofautisha. Kulwa alizoea. Doto ndiye aliyekuwa akisema, yeye akifuata.

Wote walijifunza ushonaji, wakapanga chumba kimoja Mabwerebwere na kushona sare za shule. TIN, yaani namba ya mlipa kodi, na leseni vilikatwa kwa jina la Kulwa, kwa sababu kitambulisho cha taifa cha Doto kilikuwa hakijatoka. Kila mwaka Kulwa alikwenda ofisi ya kodi, akaeleza anavyouza, akakadiriwa, akalipa kwa awamu nne. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo, hakuna aliyeilalamikia.

Kisha Doto akaolewa na Yared, dereva wa lori, akahamia Mikumi. Huko alipata kazi nzuri ya kushona mapazia na mashuka ya nyumba za wageni. Siku moja alipiga simu.

"Nimekata leseni," alisema. "Nimetumia ile TIN yako."

"Wamekubali vipi?"

"Wamekubali vipi nini? Nimewaambia mimi ndiye Kulwa. Tuligawana tumbo, tutashindwa kugawana namba?"

Kulwa alicheka, ingawa hakupendezwa. Hakulizungumza tena.

Mwaka uliofuata alipokwenda kukadiriwa, ofisa aliyemhudumia, Hezekia, kijana mpole mwenye miwani, aliangalia kompyuta kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama, naona umefungua na Mikumi. Ile ni yako?"

Kulwa angeweza kusema hapana. Alimfikiria Doto akiitwa kuhojiwa kwa kujifanya mtu mwingine.

"Ni yangu," alisema.

Hezekia akamweleza kwamba mtu mmoja mwenye biashara mbili hujumlishiwa mauzo yote. Yalipojumlishwa yakampandisha daraja: kodi ikawa zaidi ya mara nne ya aliyoizoea, na sasa alitakiwa pia kununua mashine ya risiti. Kulwa alitoka na kontroli namba ya kulipia kwenye simu. Ili alipe awamu ya kwanza aliuza mashine yake ya ovaloki, kisha akawa anapeleka sare kwa fundi wa jirani kumalizia pindo. Doto alituma mchango wake mara moja tu. Mwezi Juni hakutuma. Kulwa alipompigia, alisema mapazia yamekaa bila kulipiwa, akaongeza, "Kwani si wamekuandikia wewe?"

Neno hilo Kulwa alishona nalo wiki nzima.

Mwezi Agosti alisikia kwamba ofisi ya kodi itatoa elimu kwa wafanyabiashara wadogo Mikumi. Alifunga chumba chake akapanda gari asubuhi, bila kumwambia mtu. Ukumbi ulijaa. Doto alikuwa mstari wa mbele, na mwezeshaji alikuwa Hezekia yuleyule. Kulwa akakaa nyuma.

Maswali yalianza. Mama lishe mmoja aliuliza kama anayepata hasara naye analipa. Hezekia alisema wafanyabiashara wadogo hukadiriwa kwa mauzo, si kwa faida, kwa hiyo aseme mauzo yake ya kweli, na ayaandike. Abubakari, muuza matairi, aliuliza itakuwaje ikiwa mtu amefunga biashara.

"Njoo utuambie, kwa maandishi," Hezekia alijibu. "Usipotuambia, sisi tunajua bado unauza, na makadirio yanaendelea."

Kulwa akasimama.

"Watu wawili wakitumia namba moja, kodi ni ya nani?"

Doto aligeuka. Ukumbi nao ukageuka, ukatazama sura ile nyuma na sura ileile mbele, na kicheko kikapita. Hezekia hakucheka. Alivua miwani.

"Ni ya mwenye jina," alisema, "mpaka aje aseme ukweli. Kila mtu ana namba yake. Hata pacha."

Nje ya ukumbi Doto alimkamata mkono.

"Umenivua nguo mbele ya wateja wangu."

"Sikutaja jina lako."

"Wenye macho wameona."

"Basi twende tukamalize," Kulwa alisema, na kwa mara ya kwanza akatangulia yeye.

Ofisini Doto aliandika maelezo, akaonywa, akatozwa faini aliyoilipa Yared kwa kununa. Kitambulisho chake kilikuwa kimetoka tangu mwaka jana. Alikuwa hajajisumbua kukitumia. Akapata namba yake na leseni yake. Makadirio ya Kulwa yakarekebishwa. Kilichozidi hakurudishiwa mkononi, kilihesabiwa kwenye awamu zilizobaki.

Doto hakupiga simu hadi Krismasi. Walikutana kwa mama yao Ulaya, wakamwamkia pamoja, "Shikamoo, mama," kisha kila mmoja akashika kazi yake jikoni. Mama aliuliza kwa Kisukuma kama kuna msiba asioambiwa. Walisema hakuna.

Mwezi Machi simu ya Kulwa iliita.

"Nakwenda kukadiriwa kesho," Doto alisema. "Nimenunua cherehani mpya. Watanipunguzia?"

"Kaulize ofisini."

Doto hakukata simu. Kulwa alisimamisha cherehani yake.

"Hawapunguzi," alisema. "Kwa sisi wadogo wanaangalia mauzo tu. Risiti yake itunze hata hivyo."

"Haya," Doto alisema, akauliza kingine.