"Karibu, Baba" ya Mama Idi

Tangu mchana sauti moja haijanitoka masikioni: "Karibu, baba."

Nilikuwa kwa Mama Idi, fundi cherehani wetu hapa Kariakoo, nasubiri apunguze suruali yangu. Nikafungulia kwenye simu wimbo wa bendi yetu ya metali, ule muziki wa magitaa makali na kunguruma. Ulikuwa utoke leo jioni.

Ni hadithi ya kutisha, nimeitunga mwenyewe. Maiti aliyesombwa na mafuriko ya bonde la Jangwani anapita nyumba kwa nyumba akipiga hodi. Atakayemkaribisha, anaingia kwake. Hakuna anayemkaribisha.

Mimi ndiye ninayenguruma kama maiti.

Hodi. Hodi. Hodi.

Mama Idi akaitikia bila kuinua kichwa: "Karibu, baba."

Nikacheka. "Mama, umemkaribisha maiti!"

Cherehani ikanyamaza.

"Idi alikuwa ananitania mlangoni kwa sauti hiyo hiyo," akasema. "Mpaka maji ya Jangwani yalivyomchukua. Wewe nani kakufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha, jamani. Miaka yote namwita Mama Idi, sikuwahi kuuliza Idi yuko wapi.

"Nyanyuka hapo, mwanangu."

Akachukua stuli niliyokalia, akaifuta kwa kanga, akaiweka karibu na mlango.

"Rudia."

Nikarudia ile hodi mara nne. Mara zote aliitikia. Mara ya nne na mimi nilikuwa nautazama mlango.

Wenzangu wa bendi, nitukaneni hapa chini, nitasoma maoni yote. Wimbo hautoki. Nimeshaufuta kila mahali. Umebaki kwenye simu ya Mama Idi tu, nilimrushia kabla sijaondoka.