Tunda Lililovaa Shati la Ochieng

Nilitoka Migori kwa sababu mdogo wangu Atieno alinipigia simu akilia: wakwe zake wanataka kumzika mumewe, Ochieng, na mwili haupo. Ochieng ni mwanajeshi. Alipotea vitani Somalia miaka mingi iliyopita, na kwetu Waluo mtu asiyepatikana huzikwa kwa tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mitini kando ya mto. Likishafukiwa, yamekwisha. Hata mwenyewe akirudi, haruhusiwi kuingia bomani mwake. Walikuwa wakingoja tu Atieno akubali.

Hadi Rongo nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama mkwe. Mimi mdomo ninao. Homa Bay nilinunua mkate na sukari, maana huendi kwa wakwe mikono mitupu, hata ukienda kugombana.

Alasiri nikafika kwao Lambwe. Wanawake walikuwa wakinong'ona kama kuna mgonjwa amelala. Kitandani lilikuwepo tunda, limevishwa shati la Ochieng la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Mama yake alikuwa akilipangusa kwa maji ya uvuguvugu. Niliogopa, nasema wazi.

"Mama," Atieno akasema, "hii tukizika, na Ochieng akuje, atalala wapi?"

"Kwani wewe humsikii? Kila jioni ananiita pale kwa geti. Hawezi ingia, hawezi enda. Mtoto wangu amechoka."

Atieno akainamisha kichwa. "Namsikia, Mama. Huwa namjibu."

Nikaweka mkate na sukari chini. Atieno akaketi kitandani, akanyoosha kola ya lile shati. "Haya. Mzikeni."

Kesho yake wanaume walibeba jeneza wakihema, wakabadilishana mabega mara mbili kabla ya kufika kaburini. Jioni tuliketi tukitazama geti. Ng'ombe waliingia, giza likaingia, hakuna aliyeita. Mama mkwe akaenda kulala mapema.

Nilirudi Migori nikijiambia nimejifunza kitu, kwamba kaburi, hata la tunda, humpa mwanamke pumziko. Nikawahubiria na majirani. Kisha jana Atieno akapiga simu.

"Dada, mama analala vizuri siku hizi. Mimi bado nakaa kwa geti. Ochieng haniiti tena."

"Si ni vizuri? Amepumzika."



"Ama alikuwa hai," akasema, "na ni sisi tumemmaliza?"