Mtaro Juu ya Majaruba ya Mama Mkwe

Nilirudi kutoka machimbo ya Nyarugusu nikiwa na suruali mbili na majivuno mengi. Nilikuwa nimechimba dhahabu miaka mitatu. Nikaoa katika kijiji kimoja mbele ya Nyahanga, nikajenga jirani na ukweni. Ilikuwa miaka ya tisini, na mvua zilishakuwa za kubahatisha: siku mbili za ghadhabu, kisha kimya. Kilima chetu kilikatwa miti kikabaki kipara, maji yakawa yanateremka mbio kwenda zake mtoni. Mkutano wa kijiji ukaamua kila kaya ichimbe kipande cha mtaro wa kukata kilima kwa upana, ili maji yasimame na kuzama ardhini, yawafikie wa chini polepole.

Kipande changu kiliangukia juu ya majaruba ya mpunga ya mama mkwe. Alikuwa mjane, na mpunga ule ndio uliomlisha mwaka mzima. Hakunipenda, nami nilijua. Kwa desturi hatukusemeshana ana kwa ana. Akiwa na neno alimpa mke wangu. La kwanza lilikuwa hili: "Watu wa machimbo hawakai."

Bwana shamba alikuja na miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, jiwe likining'inia kwa kamba, awafundishe watu kupima usawa wa ardhi. Sikwenda. Mimi niliyeshuka duara, shimo la dhahabu, mpaka anga ikabaki kitundu, nifundishwe kuchimba mtaro! Nilichimba siku nne, kuta zimenyooka, wapita njia wanasifu. Sasa, duarani maji ni adui. Ukiyaona unayatafutia njia ya kutoka. Basi mikono yangu ikaupa mtaro mteremko mzuri kabisa, wala sikufikiri.

Mvua ya kwanza, maji ya kilima kizima yaliingia mtaroni mwangu, yakakimbia hadi mwisho, yakamwagikia majaruba ya mama. Kingo zikabomoka, miche ikaenda na maji. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni mke wangu alileta neno: "Mama anauliza, ulikuwa unatafuta dhahabu kwenye mpunga wake?"

Wenzangu wa Nyarugusu walikuwa wameshaniita, na kukimbia kulikuwa rahisi. Ila aibu ile ingebaki na mke wangu. Nikamwendea bwana shamba, nikamwomba radhi, nikaazima miti yake. Nikafukia, nikachimba upya, hatua moja moja, mpaka jiwe likatulia katikati kila nilipopima. Nikajenga tena kingo za majaruba. Mke wangu akaomba miche kwa majirani, tukapanda tena. Tulikuwa tumechelewa, miche ile nayo ikisombwa, mama hana chakula cha mwaka ule.

Mvua iliyofuata ilitukuta mchana. Nilikimbia kilimani na jembe, nikamkuta mama mkwe ameshafika, kanga imelowa, ameinamia mtaro. Maji yalikuwa yamejaa humo toka mwanzo hadi mwisho, yametulia tuli. Kule chini kingo zote zilikuwa zimesimama na miche ipo. Tulitazama, mvua ikitupiga, na nilikuwa na furaha ambayo dhahabu haikuwahi kunipa.

Akageuka, akanitazama usoni.

"Baba, na kule juu zaidi utachimba lini?"

"Kesho, mama."