Kiti Kilichokataa Kuvunjika

Kabla ya kukaa, mgeni anapiga hodi. Anainama, anagonga mguu wa kiti kwa vidole viwili, anasikiliza, halafu ndipo anakaa. Msasa aliliona jambo hilo siku ya kwanza, mama yake alipomkaribisha mgeni sebuleni, na hakumwambia mtu.

"Nilidhani ndivyo wanavyofanya kwao," anasema, akitazama chini. "Kumbe ni mtu aliyeanguka sana."

Ni mchana, nyuma ya jukwaa la tamasha la kimataifa la maigizo. Nje, wenyeji wanapanga viti vya watazamaji. Vimeazimwa nyumba kwa nyumba, ndiyo maana hakuna viwili vinavyofanana. Msasa, binti wa miaka ishirini na miwili, amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Amepakata kiti cha mbao kilichopinduliwa miguu juu, na mdomoni ameuma kipande cha chaki.

Jioni hii kiti hicho lazima kivunjike. Kisipovunjika, wageni waliotoka mbali watakuwa wamekuja bure. Kikivunjika, mjomba wake, mwenye karakana aliyemfundisha kazi, ataaibika mbele ya mtaa mzima.

Msasa ni jina la kazini. Alilipata kwa sababu kazi anayolipiwa ni kulainisha mbao kwa msasa, na malipo ya kiti kimoja hutosha mkate na sukari kidogo. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipoumia mgongo. Mjomba akamchukua, akampa kona ya nyuma ya karakana, karibu na rundo la mabaki ya mbao.

Hukohuko nyuma, mwaka baada ya mwaka, alijifunza randa, patasi na keekee. Siku hizi mikono ya mjomba inauma kukipambazuka, na viungo vingi vya viti vinavyotoka pale ni kazi ya Msasa. Wateja hawajui. Mteja huzungumza na aliye mlangoni, na aliye mlangoni ni mjomba. Msasa akiulizwa bei, humgeukia mjomba kama vile swali halikuwa lake.

"Huyu binti ana ulimi," mjomba hupenda kuwatania wateja, "ila ameuweka akiba."

Kisha likaja tamasha. Vikundi kutoka nchi saba viliwasili, na kwa kuwa hakuna hoteli karibu, wenyeji walifungua vyumba vyao. Kinyozi amelaza wapiga vinanda watatu. Mwenye duka amejifunza kusema asante kwa lugha nne, na huzitumia zote kwa mteja mmoja ili asikosee. Nyumbani kwa kina Msasa amefikia mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kiongozi wa kikundi chake. Watoto wanamwita Kishindo, kwa jinsi anavyoanguka mazoezini.

Igizo la kikundi chake halina maneno. Baba amekufa, ameacha kiti. Watoto wanne wanakuja kukikalia mmoja mmoja, kila mtu akijiona ndiye mrithi. Watatu wanakaa na kuondoka. Wa nne, dada mkubwa mwenye tamaa, anachezwa na Kishindo. Anakaa kama mfalme, kiti kinavunjika, na ndugu wanabaki wakitazamana juu ya vipande. Basi. Hapo ndipo kila kitu kinasemwa.

Ila kiti chao maalumu kilipotea njiani pamoja na sanduku la mavazi. Wakaja karakanani na mkalimani wao.

"Mnataka kiti kivunjike?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo, fundi. Lakini kivunjike vizuri."

"Kuna kuvunjika vizuri?"

"Watatu wakae, kisimame. Wa nne akikaa, kianguke."

"Huyo wa nne ndiye mnene?"

"Hapana. Mnene ni wa pili."

Mjomba alichomeka penseli nyuma ya sikio. "Basi ninyi mnatafuta mganga. Hapa ni kwa seremala."

Walipozidi kuomba, alimwonyesha Msasa kiti kibovu kilichotupwa kwenye mabaki. "Wape hicho. Kitavunjika chenyewe, hakihitaji kufundishwa."

Msasa alikitazama. Mguu mmoja ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Alitakiwa kukifuta vumbi na kukitoa.

"Nikaona aibu," anasema. "Kitu kibovu vile kitatokaje kwetu? Nikatia gundi. Kidogo tu."

Kidogo ya Msasa si kidogo. Alitia gundi, akapiga pini mbili za mbao ngumu, akakaza kwa kamba mpaka kesho yake.

Onyesho la kwanza, uwanja ulijaa. Ndugu wa kwanza akakaa, wa pili, wa tatu. Kishindo akaja, akajitupa kitini kwa nguvu zote. Kiti kimya. Akainuka, akajitupa tena. Kimya. Akaegemea nyuma, akajipinda kushoto, akaruka akiwa amekaa. Kiti kikamtazama tu.

Sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya watu: "Mama, hicho ni cha fundi wetu. Utavunjika wewe."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Igizo la msiba likaishia kuwa la kuchekesha, na watu wakaenda nyumbani wakishika mbavu. Mjomba alibaki amekunja mikono, akipokea pongezi kama bwana harusi.

"Mkono wangu huo," aliwaambia. Msasa alikuwa hatua mbili nyuma yake. Aliusikia mkono wake mwenyewe ukipata baba mwingine.

Asubuhi yake wateja walipanga foleni karakanani. Kila mtu anataka kiti kama kile. Hakuna siku aliyofurahi mjomba hivyo tangu afungue mlango ule.

Nyumbani, hata hivyo, Kishindo hakugusa chai. Alikuwa amekileta kiti sebuleni. Akauchukua mkono wa Msasa, akaona gundi iliyokauka chini ya kucha, akamwita mkalimani.

"Anasema umekitengeneza vizuri mno," mkalimani alieleza. "Sasa anaomba umharibie. Limebaki onyesho moja, la kufunga tamasha. Hajasafiri bahari na nchi kavu ili achekwe na kiti."

Msasa alikubali kwa kichwa. Mjomba aliposikia, alisimamisha randa.

"Watu wametoa malipo ya awali kwa sababu ya kiti kile. Kikianguka mbele yao, nitawaambia nini?"

Msasa aliinamia ubao wake.

"Haya, fanya. Mgeni ni mgeni. Ila kikivunjika, useme wazi umekitengeneza wewe."

Kwa hiyo kikisimama ni cha mjomba, kikianguka ni cha Msasa. Aliligeuza jambo hilo kichwani wakati akilainisha ubao, akaona linachekesha kuliko linavyouma.

Mazoezini aliacha kukitazama kiti, akawatazama wakaaji. Ndugu watatu hukaa wima, kwa woga, kama watu waliokalia cha wenyewe. Kishindo peke yake hujilaza nyuma na kujipinda kushoto, kama aliyenunua dunia. Basi uzito hauhusiki. Mnene akae wima apendavyo. Kiti kimbebe anayekaa, kimwangushe anayejitanua.

Alijaribu pini ya mbao laini, ikapinda bila kukatika. Akajaribu njiti ya ufagio, ikakatika kwa ndugu wa kwanza. Kisha macho yakaangukia chaki ya kuchorea mbao. Aliikumbuka ya darasani: ukiisimamisha mezani na kuikandamiza kwa kiganja, inavumilia, ukiigusa kwa ubavu, kwisha. Akaung'oa mguu wa nyuma wa kushoto, akaupunguza hadi ukae kwenye tundu lake bila gundi, akaufungia kwa pini ya chaki.

Ndiyo hiyo aliyokuwa ameiuma; sasa anaitoa mdomoni na kuipunguza kwa tupa ili ienee tunduni. Vidole vyake ni vyeupe hadi kwenye viungo. Kishindo anapita, anainama, anagonga mguu mara mbili. Anasikiliza. Safari hii hakai. Anacheka peke yake na kuondoka.

Jua likipungua, uwanja hauna pa kutia mguu. Watu wamekuja kukishangilia kiti chao. Ndugu wa kwanza anapokaa, wanapiga makofi. Wa pili, yule mnene, anakaa, na sauti inasema, "Jisikie nyumbani." Kicheko. Nyuma ya pazia, Msasa ameshika ubao wa jukwaa kama atakayeanguka ni yeye.

Kishindo anaingia. Anakaa. Watu wanaanza kucheka mapema. Anajilaza nyuma, taratibu, anajipinda kushoto.

Mguu unaruka. Kishindo anapiga sakafu kwa mshindo unaosikika hadi barabarani, na kutoka kwenye kiti kinapanda kivumbi cheupe, kidogo, kinaelea kwenye mwanga wa taa juu ya ndugu wanne walionyamaza.

Hakuna anayecheka. Mtu mmoja tu anasogea, mjomba, ambaye amekwisha ruka kutoka kwenye safu ya mbele, anakimbilia jukwaani kumwinua mgeni. Amefika katikati ndipo anakumbuka kuwa ni igizo. Anasimama hapo, mikono imenyooshwa, na uwanja mzima unainuka kwa makofi. Kina mama wanapiga vigelegele. Wengine wanafuta macho.

Makofi yanapotulia, Kishindo anainua mguu uliochomoka. Mkalimani anauliza kwa niaba yake: "Fundi yuko wapi?"

Watu wote wanamtazama mjomba.

"Siyo mimi," mjomba anasema. Ananyoosha kidole kwenye pazia. "Ni yule."

Hata leo Msasa hajui kama mjomba alisema vile kukwepa aibu au kumpa mtu haki yake. Hajauliza. Alitaka kusema neno, ulimi ukabaki akiba. Akainua mkono tu, ule mweupe, na makofi yakaanza upya.

"Nimeruka kama mtoto," mjomba alimwambia wakirudi nyumbani. "Umetia nini?" Alipoonyeshwa chaki alitikisa kichwa muda mrefu. "Miaka yote naandikia hii. Sikujua kuwa inakaliwa."

Wageni wameondoka na kiti, pamoja na pakiti nzima ya chaki. Kishindo ameomba, tamasha lijalo likifika, Msasa atengeneze vifaa vyote vya jukwaa. Msasa amekubali, na ana ombi lake: anataka benchi lake litoke nyuma, liwekwe karibu na mlango, kwenye mwanga. Mjomba amesema benchi ni zito, watalihamisha wawili.

Wamelihamisha asubuhi hii. Kabla Msasa hajamaliza kupanga patasi, mteja anaingia, mwanamke mwenye kikapu. Anakaribishwa kiti. Anakitazama kwa mashaka, anainama, anagonga mguu mara mbili kama mtaa mzima unavyofanya siku hizi.

"Fundi yuko wapi?" anauliza. "Nataka kujua kama hiki kinakalika."

Mjomba ana misumari mdomoni, hawezi kujibu. Au hataki. Msasa anamgeukia kwa mazoea, kisha anageuka tena.

"Fundi ni mimi," anasema. "Kaa tu, mama. Cha kuvunjika kimesafiri."